Maparachichi ya Mbuyuni na Cheti Nilichokisomea Usiku

Mwaka 2022 nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha kwanza ambaye karibu kila Jumamosi nilimkuta soko la Mbuyuni, hapa Moshi, akimsaidia mama yake kuuza maparachichi. Siku moja mteja aliyekuwa mbele yangu alitaka maparachichi kumi na mawili, na moja lilikuwa shilingi 400. Binti hakushika kalamu wala simu. Alihesabu kwa sauti huku akiyapanga kwenye mfuko: "Matano elfu mbili, matano mengine elfu nne, bado mawili, mia nane. Elfu nne na mia nane, mama."

Jumatatu yake nikasahihisha madaftari. Swali la nne lilikuwa karibu lile lile la sokoni, ila lilikuwa kwa Kiingereza, na mahali pa maparachichi kulikuwa na mayai. Chini ya swali hakuandika kitu.

Nilimwita ofisini. Nikamuuliza kama hakuliona swali la nne. "Nililiona, madamu." Mbona hukujibu, basi, wakati Jumamosi nimekusikia ukihesabu vizuri kabisa? Akainama, akakaa kimya, kisha akasema polepole: "Lile lilikuwa hesabu, madamu. Za sokoni siyo hesabu."

Nilikuwa nimefundisha hisabati miaka tisa. Maneno yale yaliniuma kwa sababu sikuwa na jibu. Sikujua kwa nini akili ile ile ifanye kazi penye mfuko wa maparachichi na isimame penye karatasi. Ndivyo nilivyoanza safari ya kusomea cheti cha uzamili katika sayansi ya utambuzi, nikiwa mama wa watoto wawili, mwajiriwa, ninaishi Kiborloni na sijawahi kutoka Afrika Mashariki. Nilikimaliza Desemba 2024. Naandika haya kwa sababu nilifanya makosa ya gharama ambayo mtu angenieleza mapema nisingeyafanya.

Kwanza fani yenyewe, maana kila niliyemwambia alidhani nasomea udaktari wa vichaa. Sayansi ya utambuzi inachunguza jinsi akili inavyopokea habari, inavyozitunza, inavyozisahau na inavyozitumia kufikiri na kuamua. Wanaoifanya wanatoka nyumba tofauti: saikolojia, isimu, falsafa, sayansi ya kompyuta, elimu ya ubongo na anthropolojia. Mwanasaikolojia George Miller alisema kwamba mimba ya fani hii ilitungwa tarehe 11 Septemba 1956, kwenye mkutano wa chuo cha MIT, Marekani, ambako yeye, mwanaisimu Noam Chomsky na watu wa kompyuta Allen Newell na Herbert Simon walitoa mada zao siku moja. Alitoka pale akihisi kwamba wote walikuwa wanashika mnyama mmoja kutoka pande tofauti.

Mimi sikuvutwa na historia hiyo. Nilivutwa na utafiti wa mwaka 1985 uliofanyika Recife, Brazili, na Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann. Walikwenda kwa watoto watano wachuuzi, wa umri wa miaka 9 hadi 15, wakajifanya wateja. Penye biashara watoto wale walipata majibu sahihi kwa asilimia 98. Hesabu zile zile zilipoandikwa kwenye karatasi bila maelezo, kama za shuleni, wakashuka hadi asilimia 37. Kulikuwa na mtoto wa miaka 12 aliyekuwa anauza nazi kwa cruzeiro 35. Aliulizwa bei ya nazi kumi, akajibu: tatu ni 105, na tatu nyingine ni 210, bado nne, akafika 315, kisha 350. Ni njia ile ile ya binti wa Mbuyuni! Nilisoma ukurasa ule saa tano usiku, watoto wangu wamelala, nikalia.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwambia yeyote anayeniuliza ni hili: kabla ya kutafuta chuo, andika kwenye karatasi swali linalokupeleka. Niliwaona wenzangu kadhaa darasani waliojiunga kwa sababu jina la kozi linavutia siku hizi za akili unde. Ilipofika wiki ya saba, kazi zilipokolea, walipotea mmoja mmoja. Mimi nilikuwa mchovu kuliko wengi wao, lakini kila Jumamosi nilikuwa naenda sokoni na kulikuta swali langu pale pale.

Nilichagua chuo kimoja cha Marekani kinachofundisha kwa mtandao. Cheti kilikuwa na masomo manne, uniti tatu kila somo, jumla 12. Niliomba mapema 2023. Mkanganyiko wa kwanza ulitoka kwenye matokeo yangu ya shahada. Vyuo vyetu hupima GPA, yaani wastani wa alama za shahada, kwa kiwango cha juu cha 5, Marekani ni 4. Yangu ni 3.6. Ukiisoma kwa macho ya Kimarekani ni nzuri sana, na mtu anayejua akiisoma ni ya wastani. Nilikaa wiki tatu nikisubiri barua ya chuo changu cha zamani ieleze kipimo kinachotumika. Omba maelezo hayo pamoja na nakala ya matokeo, siku hiyo hiyo. Omba pia barua inayosema shahada yako ilifundishwa kwa Kiingereza. Mimi ilinisamehesha mtihani wa lugha ambao ningeulipia fedha nyingi.

Sasa fedha, na hapa sitaficha. Uniti moja ilikuwa dola 430, kwa hiyo ada yote ilikuwa dola 5,160. Ongeza dola 75 za maombi, makato ya benki, na bando la takriban shilingi 35,000 kila mwezi kwa miezi kumi na saba. Nilikopa shilingi milioni sita kwenye SACCOS ya walimu, nikachukua zamu yangu ya kikoba mapema, na mama mkwe wangu kule Kibosho akauza ng'ombe wawili. Nilipokwenda kumshukuru nilipiga magoti, akaniinua. "Mwanangu, ng'ombe huzaa," akasema. "Wewe soma."

Kosa langu lilikuwa kukopa fedha yote mara moja. Chuo kilikuwa kinalipwa somo kwa somo, mwanzoni mwa kila muhula. Fedha ya masomo matatu ilikaa benki bila kazi huku nikilipa riba yake SACCOS. Halafu dola yenyewe ilikuwa adimu wakati ule. Nilianza ikiwa karibu shilingi 2,500, na nilipolipa muhula wa tatu ilikuwa imepita 2,600, kwa hiyo bajeti niliyoipiga Agosti 2023 haikutosha. Na malipo ya kwanza kabisa yalifika yakiwa yamepungua dola 25, kwa sababu benki ya katikati ilikata chake njiani. Dola 25 tu, na usajili wangu ukafungwa siku nne. Ukituma fedha nje mwambie mhudumu kwamba gharama zote zikatwe kwako mtumaji, na usiondoke dirishani kabla hujaona fomu imejazwa hivyo.

Masomo yalianza mwishoni mwa Agosti 2023. Kipindi cha moja kwa moja kilikuwa Jumanne saa kumi na mbili jioni ya huko. Simu yangu ilinionyesha 1:00. Nikaandika kwenye shajara, kwa mkono wangu mwenyewe, "Jumanne saa 1 usiku." Jumanne saa moja usiku nimeshapika, watoto wamekula, nimevaa nguo nzuri, nimekaa mbele ya kompyuta. Hakuna mtu. Nilisubiri saa nzima nikidhani intaneti ni mbovu. Kipindi kilikuwa saa saba usiku, kuamkia Jumatano. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, simu inahesabu kuanzia usiku wa manane, na nilikuwa nimezichanganya mbili hizo kwenye mstari mmoja.

Basi ikawa kila wiki naamka saa sita na nusu usiku, nakaa jikoni ili nisiwaamshe watoto, nasoma hadi inakaribia saa kumi. Saa moja na nusu asubuhi niko shuleni. Miezi ile kulikuwa na mgao wa umeme. Nilijifunza kuweka chaji kila kitu mchana shuleni, na kupakua makala zote mapema, kwa sababu kipindi unaweza kukisikiliza baadaye lakini makala ambayo hujaisoma hutaielewa kwa kusimuliwa. Kitabu cha kozi nilikinunua kwa dola 90, kisha wiki ya pili nikagundua maktaba ya chuo inacho, mwanafunzi anakisoma bure mtandaoni. Muulize mkutubi kwanza.

Mtihani wa kwanza nilipata C+. Nilishtuka, kwa sababu nilikuwa nimepiga msuli kweli. Nilisoma kila sura mara tatu, nikapaka rangi ya njano kila mstari muhimu, hadi daftari likawa la njano lote. Nilipokuwa nasoma kila kitu kilikuwa rahisi, nakifahamu. Mbele ya maswali kikatoweka.

Wiki iliyofuata tukasomeshwa jaribio la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke la mwaka 2006. Wanafunzi walisoma makala fupi. Kundi moja likarudia kuisoma, jingine likafunika makala na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza, 81 kwa 75 katika mia. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojikumbusha 56, waliorudia kusoma 42. Niliweka kalamu chini. Nilikuwa nalipa mamilioni kusomea namna akili inavyojifunza, na huku nasoma kwa njia ambayo kozi yenyewe inasema haidumu. Tena ndiyo njia niliyokuwa nawafundisha wanafunzi wangu: someni, rudieni, rudieni tena.

Nilibadilika wiki ile. Kila nilipomaliza sura nilifunga kitabu, nikachukua karatasi tupu na kuandika kila ninachokumbuka, kisha nafungua na kuona mapengo. Siku mbili baadaye narudia, kisha baada ya wiki. Inaumiza. Unaona wazi jinsi ulivyo mtupu, na ndiyo maana watu hawaipendi. Nilikuwa nafanya hivyo ndani ya daladala kutoka Kiborloni hadi mjini, midomo ikitikisika, hadi kondakta mmoja akaniuliza, "Dada, ni rozari?" Mtihani wa mwisho wa somo lile nilipata A-.

Kosa la usingizi nililiona kwa kuchelewa. Novemba nilijumlisha vibaya alama za darasa zima, nikawapa watoto kumi na wanne alama pungufu, na mmoja alichapwa nyumbani kwa sababu yangu. Mama yake alikuja shuleni na karatasi, na alikuwa na haki. Nilimwomba msamaha mtoto mbele ya wenzake. Baada ya hapo nilipanga na mume wangu kwamba Jumatano nikirudi nyumbani nalala kuanzia saa kumi hadi saa mbili usiku, na yeye anashughulika na watoto na chakula. Ungeniambia mwanzoni kwamba cheti hiki kitamgharimu mume wangu kiasi kile, ningekaa naye tuzungumze vizuri kabla ya kusaini chochote. Zungumza na watu wa nyumbani kwako kabla ya kulipa ada, na uwaambie saa hasa utakazokuwa haupo.

Somo la pili, Januari 2024, lilihusu kumbukumbu. Hapo nilikutana na Henry Molaison, ambaye vitabu vilimwita H.M. hadi alipofariki mwaka 2008. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, alipasuliwa ubongo ili kutibiwa kifafa, na tangu siku hiyo hakuweza kuweka kumbukumbu mpya. Lakini Brenda Milner alipompa kazi ya kuchora nyota akiangalia kwenye kioo, alikuwa anaboreka siku hadi siku, ingawa kila siku alidhani ni mara yake ya kwanza. Mkono ulijua jambo ambalo yeye mwenyewe hakujua kuwa analijua. Nilimfikiria sana binti wa maparachichi usiku ule.

Muhula huo ndio ulionipiga zaidi. Marekani hubadili saa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi hatubadili kitu. Novemba kipindi kilikuwa kimesogea hadi saa nane usiku na nikazoea. Tarehe 10 Machi 2024 wakasogeza saa mbele, na usiku wa mtihani wa katikati ya muhula kipindi kilikuwa kimerudi saa saba. Mimi nikaamka saa nane kasoro, nikanawa uso, nikafungua kompyuta. Mtihani ulikuwa na nusu saa tu iliyobaki. Mikono ilitetemeka hadi nikashindwa kuandika vizuri. Nilipata 38 kati ya 100. Weka saa ya mji wa chuo kwenye simu yako na uitazame kila wiki, usiamini kichwa chako.

Kisha likaja kosa ninalojutia kuliko yote. Kazi kubwa ya somo lile ilikuwa mradi, na mimi nilishajua mradi wangu tangu 2022. Aprili, masika yakinyesha, nilikwenda Mbuyuni Jumamosi mbili na daftari. Niliwauliza watoto kumi na mmoja hesabu za bei, nikarudi na karatasi nikawauliza zile zile. Wazazi wananifahamu, wengine nimewafundishia watoto wakubwa, walifurahi. Matokeo yalikuwa mazuri mno. Nikamwandikia mhadhiri wangu kwa furaha.

Jibu lake lilikuwa na upole lakini halikuwa na mlango. Nani alikupa kibali? Wazazi walitia saini wapi? Mtoto aliambiwa kwamba anaweza kukataa mwalimu wa shule ya jirani? Chuo kina kamati ya maadili inayopitia kila utafiti unaohusu watu, na watoto ndio wanaolindwa zaidi. Na hapa nyumbani kibali cha utafiti hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, kabla hujakwenda kwa viongozi wa mkoa na wilaya. Sikuwa na hata kimoja. Niliambiwa nisitumie takwimu zile na niziharibu. Nilizichoma nyuma ya nyumba.

Nilikasirika siku mbili. Mimi ni mtu wa hapa, niliwaza, wale ni watoto wetu, nani wa kunipa kibali cha kuzungumza nao? Halafu nikamkumbuka mtoto mmoja, wa tatu au wa nne kuulizwa, aliyekuwa anatazama chini muda wote. Aliogopa. Nilimwona anaogopa na nikaendelea kuuliza, kwa sababu nilikuwa nataka namba. Mhadhiri wangu alikuwa sahihi.

Zilibaki wiki mbili. Niligeuza mradi kuwa pendekezo la utafiti lenye kila kitu: fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, barua kwa wazazi, mpango wa maswali, na uchambuzi wa takwimu za wazi ambazo watafiti wengine wameziweka mtandaoni. Mwisho wa kutuma ulikuwa Jumapili 12 Mei 2024, dakika moja kabla ya usiku wa manane wa huko, yaani kwetu Jumatatu saa 12:59 asubuhi. Na Jumapili hiyo hiyo, mtakumbuka, nyaya za chini ya bahari, EASSY na Seacom, zilikatika na intaneti ya nchi nzima ikadorora. Nilizunguka na simu tatu za mitandao tofauti. Saa mbili usiku nikamtumia binamu yangu aliyeko Ujerumani ujumbe wa kawaida wa simu, ule wa kulipia, nikamtajia anwani ya mhadhiri herufi kwa herufi, akaniandikia yeye. Asubuhi likarudi jibu la mhadhiri: nimeongezewa saa 48. Tafuta mtu kama huyo kabla shida haijaja, na umwachie anwani za wahadhiri wako.

Somo la tatu lilikuwa takwimu na kuandika programu za kompyuta kwa lugha iitwayo Python, miezi ya Juni na Julai, na Moshi ina baridi miezi hiyo. Kwa aliyesoma hisabati halitishi. Kompyuta yangu ndogo ilikuwa inazima, basi nikawa naandika programu kwenye karatasi mchana na kuzijaribu usiku.

La nne, lugha na akili, ndilo ningelirudia hata kesho. Alan Baddeley na Graham Hitch walieleza mwaka 1974 kwamba tunaposhikilia jambo kichwani kwa muda mfupi, kuna sehemu ya akili inayolirudia kwa sauti ya ndani. Nafasi yake ni ndogo. Mwaka 1980 N. C. Ellis na R. A. Hennelly walionyesha kwamba watu wa Wales hushika tarakimu chache zaidi kwa Kiwelshi kuliko kwa Kiingereza, kwa kuwa majina ya tarakimu za Kiwelshi huchukua muda mrefu kuyatamka. Nikajaribu mwenyewe jikoni. Saba, tisa, nane, tano: kila tarakimu yetu, kuanzia moja hadi tisa, ina silabi mbili. Kisha nikawaza kuhusu watoto wetu, waliosoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, na kidato cha kwanza wanakuta kila kitu kwa Kiingereza. Mtoto anapokea swali kwa lugha asiyoimudu, analitafsiri, anashika tarakimu, anahesabu, anatafsiri jibu. Vyote katika nafasi ile ile ndogo. Sisemi hilo ndilo jibu lote la binti yangu wa Mbuyuni, kwa sababu watoto wa Recife walisoma kwa Kireno chao na bado walishuka. Lakini tangu siku ile siulizi tena swali darasani bila kulisema kwanza kwa Kiswahili, na natumia bei za Mbuyuni.

Darasani nilikuwa Mwafrika pekee. Muhula wa kwanza karibu sikufungua mdomo. Makala zilisema "watu" wakimaanisha wanafunzi wa vyuo vya Marekani, nami nikanyamaza. Mwaka 2010 Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan walikwisha kuandika kwamba saikolojia imejengwa juu ya watu wa nchi tajiri za Magharibi, ambao ni tofauti na wanadamu wengi. Makala zilizotaka kutoka nje ya kundi hilo ziliwataja mara kwa mara Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Wako mkoa wa jirani. Niliwasoma kutoka Amerika, kwa Kiingereza, jikoni kwangu. Usiku ule niliomba nafasi ya kusema, nikasema kwa dakika kumi, na hakuna aliyenikatiza.

Kuhusu manufaa ya kazini niwe mkweli: mshahara haujaongezeka hata shilingi. Cheti cha uzamili si shahada ya uzamili. Nilidhani kitanipandisha daraja kwa sababu sikuuliza. Muulize mwajiri wako kabla, akujibu kwa maandishi, na uulize Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kama tuzo ya chuo unachokitaka inatambuliwa. Deni la SACCOS nitalimaliza mwakani. Ng'ombe wa mama mkwe, mmoja nimemrudishia.

Lile pendekezo la utafiti bado ninalo. Nimepata mhadhiri wa hapa nchini aliyekubali kulisimamia, na sasa tunafuatilia vibali, barua moja baada ya nyingine. Binti yuko kidato cha nne. Jumamosi bado napita kwenye meza ya mama yake, na huwa namwomba anihesabie kwa sauti kabla sijatoa fedha. Daftari naliacha nyumbani.